Mabomba ya Sauti

Msafiri atokaye uwanja wa ndege wa Kanombe kuelekea katikati ya Kigali huweza kupita Sonatubes, wilayani Kicukiro, njia panda iliyorithi jina la kiwanda cha mabomba. Na jina hilo, kwa bahati njema, latufaa kufafanua ala za muziki wa umeme, kwa kuwa ndani ya ala hizo sauti huongozwa mfano wa maji bombani.

Katika sintesaiza ya vipande, kama ile aliyoibuni Robert Moog huko Marekani mwaka 1964, kipande kimoja huzaa mtetemo, cha pili huuchuja, cha tatu huufungulia na kuuzuia, na mpigaji huviunganisha kwa nyaya apendavyo. Volti moja ikiongezwa kwenye kipande kinachozaa mtetemo, sauti hupanda oktava nzima.

Mashine ya midundo, mathalani Roland TR-808 ya mwaka 1980, ina vitufe 16 katika safu moja: ukiwasha cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13, ngoma nzito hudunda mara nne, sawasawa, pasipo kuchoka. Walakini vijana wa Dar es Salaam, waliousuka muziki wa singeli kwa kompyuta za kawaida, wametudhihirishia kwamba ala ni wasila tu, ilhali fani hukaa sikioni mwa fundi.