Usifue Kanga Kabla ya Kuhama: Paka wa Ndani Njiani Dar es Salaam hadi Mwanza

Siku tatu kabla ya lori kuja kubeba vyombo vyetu Dar es Salaam, nilifanya anachofanya kila mwenye nyumba anayehama: nilifua. Mapazia, mashuka, foronya, na pia kanga moja kuukuu ambayo paka wetu wawili, Karafuu na Ubuyu, walikuwa wakiilalia tangu wakiwa vitoto. Nilitaka tuingie Mwanza na vitu safi. Jioni Karafuu akaikanyaga ile kanga iliyonukia sabuni, akainusa kwa muda mrefu, kisha akaondoka na kujichimbia chini ya kitanda. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokihitaji kuliko chakula, na sikujua.

Barabara ya Dar es Salaam hadi Mwanza ina zaidi ya kilomita 1,100: Chalinze, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, ndipo ulione ziwa. Kila mwaka watu huipita kwa sababu ya uhamisho wa kazi, ndoa au biashara, na baadhi yao siku hizi wana paka wa ndani, yaani paka asiyezurura, ambaye dunia yake ni vyumba vitatu na kibaraza chenye wavu. Wakati wa kuhama, paka huyo huachiwa jirani, au hutiwa kwenye boksi la sabuni likafungwa kamba. Sababu inayotolewa ni ileile: mbwa ni wa mtu, paka ni wa nyumba.

Msemo huo una ukweli nusu. Paka hukaa na watu anaowapenda, lakini usalama wake anausoma kwa pua. Ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso, kwenye shina la mkia na katikati ya vidole. Akijisugua kwenye mwimo wa mlango au kukwaruza pembe ya kochi, anaacha kemikali ziitwazo feromoni, ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Yeye huzipokea kwa pua, na pia kwa kiungo cha Jacobson kilichoko juu ya kaakaa. Ukimwona paka ameinua mdomo wa juu na kuduwaa kana kwamba amechukizwa, mara nyingi hajachukizwa; anaivuta harufu ifike kwenye kiungo hicho. Kwa miaka mingi amekuwa akiichora nyumba yako hivyo, kona kwa kona, na kila siku hupita kuipaka upya. Nyumba ndiyo ramani yake. Ukimtoa humo, anakuwa kama mtu aliyeamshwa usiku wa giza katika chumba asichokijua.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maandalizi ni kumpa paka kipande cha ramani hiyo asafiri nacho. Usifue anachokilalia. Kanga, fulana yako uliyoivaa, godoro lake dogo, viende kama vilivyo, vikiwa na manyoya yake na jasho lako. Chukua kitambaa safi, umpanguse nacho taratibu mashavuni kwa siku chache kabla ya safari, kisha ukakisugue ndani ya kizimba utakachombebea, na ukifika, kwenye pembe za kuta za nyumba mpya, usawa wa kichwa chake. Kuna dawa za kupuliza zenye feromoni ya shavu la paka iliyotengenezwa maabara. Ukiipata, sawa, ukiikosa, shavu la paka wako lina ya kwake.

Kizimba nacho kinahitaji muda. Paka wengi hukiona siku ya sindano tu, basi kwao kizimba ni habari mbaya. Mwaka 2018 watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya jaribio la paka 22. Nusu yao walizoeshwa kizimba kwa wiki sita, hatua kwa hatua, kwa kupewa vitu vitamu: kwanza kilicho wazi, kisha kikiwa na kifuniko, kisha mlango ukifungwa kwa muda mfupi, kisha ndani ya gari. Safarini kwa daktari, waliozoeshwa walionyesha dalili chache za hofu kuliko wenzao. Mimi nilikuwa na wiki tatu tu. Nilikiweka kizimba sebuleni mlango ukiwa wazi, dagaa mmoja mmoja ndani, na kufikia wiki ya pili Ubuyu alikuwa akikilalia mchana. Karafuu hakukubali kabisa mpaka nilipokifunika juu kwa kanga nyingine, ambayo safari hii sikuifua.

Kufunika huko nako kuna maana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuata paka waliofikishwa kwenye kituo cha kuwahifadhi. Waliopewa boksi la kujifichia walitulia mapema kuliko walionyimwa. Paka anayejificha anajitibu. Funika kizimba pande tatu, acha upande wa hewa. Na kila paka awe na kizimba chake, hata kama ni ndugu wa tumbo moja wanaolala wamekumbatiana. Paka aliyeshtuka humrukia aliye karibu naye, na wawili waliogombana ndani ya kizimba wanaweza kukaa wiki kadhaa bila kupatana.

Barabarani kuna mambo mawili yanayomsumbua zaidi. La kwanza ni sauti. Sikio la mwanadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. La paka hufika 85,000. Mluzi wa breki, feni ya kiyoyozi, chuma kinachogongana chini ya gari, vyote vinamfikia kwa namna ambayo wewe dereva hutaijua. Punguza redio. La pili ni mizani. Ndani ya sikio mna mirija yenye majimaji inayoueleza ubongo kama mwili unakwenda au umetulia. Paka amelala, macho yake yanaona kizimba kilichotulia, lakini sikio linasema anakwenda, anapinda, anarushwa na matuta. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, tumbo linachafuka. Huanza kwa kulia kwa sauti nzito ambayo hujawahi kuisikia kwake, halafu udenda, kisha kutapika au kujisaidia. Kwenye kona za mlima Sekenke, tukiwa tumeshaiacha Singida, ndipo Ubuyu alipotoa udenda mpaka kifua kikalowa. Tulipunguza mwendo, akatulia tulipoingia kwenye barabara iliyonyooka.

Msimlishe saa tatu nne za mwisho kabla ya kuondoka. Maji mpe kila mnaposimama. Kizimba kikae chini, nyuma ya kiti cha mbele, au kifungwe mkanda kitini. Kamwe paka asiachwe huru ndani ya gari, kwa sababu aliyeogopa hutafuta upenyo wa giza, na upenyo wa giza ulio karibu ni chini ya miguu ya dereva, kwenye breki.

Hapa ndipo watu humfikiria mtu wa duka la dawa. Tafadhali, soma aya hii mara mbili. Paracetamol inaua paka. Ini la mwanadamu lina kimeng'enya kinachoifunga dawa hiyo na kuitoa mwilini kwa usalama. La paka limepungukiwa na kimeng'enya hicho. Dawa inageuka sumu, inaharibu chembe nyekundu za damu zishindwe kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za rangi ya udongo, uso unavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Dawa za kichefuchefu za binadamu na za usingizi nazo usikisie. Daktari wa mifugo anazo zinazofaa: maropitant kwa kutapika, na gabapentin kwa hofu, inayotolewa saa mbili tatu kabla ya safari kwa kipimo anachokipanga yeye baada ya kumpima uzito. Ijaribu nyumbani siku moja kabla ya wiki ya safari, umwone anavyoipokea. Dawa ya zamani iitwayo acepromazine inamlegeza paka misuli bila kumwondolea woga, na inavuruga uwezo wake wa kudhibiti joto la mwili. Kwa barabara zetu za jua, mimi nisingeikubali bila kuuliza maswali.

Na joto ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Paka hutoka jasho kwenye nyayo tu, na hujipoza kwa kujilamba ili mate yakauke juu ya manyoya. Joto lake la kawaida liko kati ya nyuzi 38 na 39. Likipita 40 yuko hatarini. Mbwa akitweta ni kawaida yake. Paka akihema mdomo wazi ni kengele: ama ana woga mkubwa ama anapikika. Gari lililofungwa likiwa juani, nje kukiwa na nyuzi 29, ndani hufika 40 kwa dakika 10 tu, na kukaribia 50 kwa nusu saa. Kioo kilichoachwa wazi kidogo hakisaidii kitu cha maana. Dumila, mahali ambapo kila gari husimama kununua nyanya na vitunguu, dakika 10 ni kidogo sana. Ndio muda wa kupatana bei. Mtu mmoja akae garini, injini na kiyoyozi vikiwaka, au gari lisimame kivulini milango ikiwa wazi na vizimba vikiwa vimefungwa imara. Paka akizidiwa, mloweshe kwa maji ya kawaida, si ya barafu, mpepee, na mkimbize kwa daktari.

Ndiyo maana suala la buti la basi linaniuma. Kabla ya kupata gari la kutubeba nilikwenda stendi kuulizia nauli. Konda akanitazama, akaonyesha buti: "Mama, weka humo, watafika." Humo mna giza, mna moshi na vumbi, hamna hewa ya kupoza, na mizigo huteleza. Saa 17 au 18 humo si safari, ni adhabu. Kama huna gari na basi halikubali kizimba ndani, miguuni pako, ni heri kuchanga na familia nyingine mkodi gari dogo, au umwache paka kwa ndugu mpaka upate usafiri wa heshima.

Karatasi hazina mengi: chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka naye huihitaji, pamoja na cheti chake, na swali moja kwa ofisi ya mifugo ya wilaya unakotoka kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama. Anayevuka mpaka aanze kuulizia mapema zaidi.

Tuliondoka saa kumi alfajiri ili tupite Chalinze na Morogoro kabla jua halijakomaa, tukalala Singida. Paka mzima anaweza kuzuia mkojo siku nzima akiwa na hofu, kwa hiyo usimlazimishe porini; ukishaingia chumba cha kulala wageni, funga dirisha na mlango, kagua uvungu wa kitanda na tundu la bafuni, weka beseni la mchanga uleule aliouzoea, ndipo ufungue kizimba. Usikifungue kando ya barabara hata mara moja. Watafiti wa Australia waliochapisha mwaka 2018 habari za paka 1,210 waliopotea waligundua kuwa robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotokea, na wale wa ndani walikuwa karibu zaidi, wamejibanza kimya. Hiyo ni habari njema kwa aliyepoteza paka mtaani kwake, maana anajua pa kutafuta: uvunguni, darini, chini ya gari la jirani, usiku, kwa tochi. Kwa aliyempoteza kwenye kituo cha mafuta kilomita 600 kutoka nyumbani, na anayetakiwa kuendelea na safari, habari hiyo haina msaada.

Mwanza tulifika jioni ya siku ya pili. Kosa la wengi huanzia hapo: furaha ya kufika, milango wazi, wabeba mizigo wanaingia na kutoka, na paka anafunguliwa sebuleni. Mpe chumba kimoja, kilichofungwa, chenye kanga yake, chakula, maji na mchanga mbali na chakula. Kizimba kibaki humo, mlango wazi, kiwe pango lake. Nyumba yote ataipata polepole, chumba baada ya chumba, na yeye ndiye ataamua lini.

Mambo mawili yasisubiri. Paka asiyekula kabisa kwa siku mbili, hasa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliziba. Ini hilo likishajaa, kumrudisha ni kazi kubwa. La pili ni mkojo. Hofu huvimbisha kibofu cha paka, na kwa dume mrija wa mkojo ni mwembamba kiasi kwamba huweza kuziba kabisa. Atakwenda mchangani, atachuchumaa, atalia, na mchanga utabaki mkavu. Watu hudhani amefunga choo. Karafuu, dume wetu, alifanya hivyo usiku wa pili. Daktari tuliyempigia hakuuliza mengi: "Dada, mlete sasa hivi, usingoje asubuhi." Alizibuliwa usiku huohuo, akakaa kwa daktari siku mbili.

Aliporudi, kanga niliyoifua Dar es Salaam ilikuwa imeshalaliwa na Ubuyu kwa siku nne mfululizo. Karafuu akainusa, akazunguka mara mbili, akalala juu yake. Ukihama na paka dume, andika namba ya daktari wa mifugo wa mji unaokwenda kabla hujafunga boksi la kwanza.