Dawa ni zilezile, mbona saratani ya damu imerudi?

Mama mmoja kutoka Kongwa aliniuliza: "Daktari, wanetu walilazwa wodi moja, ugonjwa mmoja, dawa zilezile. Mbona wa mwenzangu anaendelea vizuri, wangu umerudi?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba nyumbani wanasema damu mbaya imetoka upande wake.

Lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda kasi, huanza kwenye uboho, ndani ya mifupa, damu inakotengenezwa. Jina ni moja, lakini aina ni nyingi.

Kila chembe ina kromosomu 46. Zichukulie kama vitabu vya maelekezo, na jeni ni kurasa zake. Wakati mwingine kurasa hukatika na kubandikwa kwenye kitabu kingine. Kipande cha kromosomu namba 9 kikiungana na namba 22, hutokea jeni mpya inayoiamuru chembe izaliane bila kupumzika, na dawa za kawaida pekee mara nyingi hushindwa kuizuia. Dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa saratani nyingine ya damu yenye hitilafu hiyohiyo, huizima amri hiyo.

Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, hitilafu inayoonekana zaidi ipo kwenye kromosomu namba 11. Chembe zake hustahimili hata prednisolone, hivyo huhitaji matibabu makali zaidi.

Kwa kawaida hitilafu hizi hazirithiwi. Hutokea ndani ya chembe ya damu ya mtoto mwenyewe, pengine akiwa bado tumboni. Si laana, wala si kosa la mama.

Ufanye nini? Muulize daktari mapema: "Uboho wa mwanangu umepimwa jeni?" Jibu huamua dawa.

Pili, usikatize matibabu. Ugonjwa hurudi pia kwa dozi zilizorukwa. Mtoto akianza kucheza baada ya mwezi, bado chembe chache zimejificha. Lukemia ya watoto iliyo ya kawaida zaidi hutibiwa miaka miwili hadi mitatu. Nauli ikikushinda, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla tarehe haijapita. Homa, michubuko au damu puani, mrudishe siku hiyohiyo.

Yule mama nilimwomba aje na baba wa mtoto kliniki inayofuata, wasikie wote wawili.