Sponji ni mnyama jamani, siyo dodoki

Kuna ubishi unarudi kila mara hapa mtaani kwetu Mabatini, na mimi nimechoka kuumaliza kwa mdomo, bora niuandike. Ubishi wenyewe ni huu: ile sponji ya baharini wanayouziwa watalii kule Zanzibar ni mmea, ni jiwe au ni nini?

Ni mnyama. Tena ukoo wake ni wa zamani sana, ulikuwepo kabla dunia haijaona samaki wa kwanza.

Kwanza tutenganishe vitu, maana hapo ndipo watu wanapochanganya. Dodoki tunalosugulia mgongo ni tunda la mmea unaotambaa kwenye uzio. Likikauka unalimenya, unakung'uta mbegu, zinabaki nyuzi. Sponji ya kuoshea vyombo na ile ya kwenye godoro ni plastiki ya kiwandani. Sponji yenyewe hasa inaishi chini ya maji, na kile kinachouzwa dukani ni mifupa yake (kama tutakubaliana kuiita mifupa) baada ya nyama kuoza na kuoshwa.

Sasa mtu atauliza, mnyama gani huyu hana kichwa, hana mdomo, hana tumbo, hana moyo, hana hata mshipa mmoja wa fahamu? Swali zuri. Wataalamu wenyewe lilishawasumbua, na kwa muda mrefu wengi walimhesabu mmea. Mwaka 1825 daktari mmoja wa Edinburgh, Robert Grant, aliweka kipande cha sponji kwenye maji akakiangalia kwa hadubini, akaona maji yanatoka kwenye tundu mfululizo yakibeba takataka. Mmea haufanyi hivyo. Sponji hajitengenezei chakula kwa jua, anakitafuta. Tena anazaa kwa mbegu na yai, na mtoto wake anaogelea kabla ya kujibandika kwenye mwamba na kutulia hapo maisha yake yote.

Jina la kundi lake ni Porifera, maana yake mbeba matundu. Shuleni tulilikariri hilo jina tukasonga mbele, lakini utamu wote uko humo kwenye matundu. Fikiria vichochoro vya Mabatini huku mlimani, vile vinavyopita katikati ya mawe na nyumba. Mwili wa sponji ndivyo ulivyo. Pembeni kuna vitundu vidogo maelfu kwa maelfu ambavyo maji yanaingilia. Yakishaingia yanapita kwenye mifereji mpaka kwenye vyumba vidogo sana. Ndani ya vyumba hivyo kuna seli zinazoitwa koanosaiti. Kila moja ina mjeledi mmoja unaopigapiga bila kupumzika na kola ya vinyweleo kuuzunguka. Mjeledi unavuta maji, kola inanasa bakteria na vijichembe vya chakula. Seli nyingine zinazotembea humo ndani zinapokea chakula na kukisambaza. Hakuna damu, hakuna utumbo, na kazi inakwenda.

Halafu angalia akili iliyomo humo, ingawa mwenyewe hana ubongo. Vyumba ni vingi mno, kwa hiyo maji yakifika pale yanatawanyika na kwenda polepole, chakula kinanaswa vizuri. Yakimaliza yanakusanyika kwenye mlango mmoja mkubwa, oskulamu, na hapo yanatoka kwa kasi, kama unavyobana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole. Kasi hiyo inatupa uchafu mbali ili asiunywe tena. Kuna sponji mdogo wa saizi ya kidole ambaye amepimwa akakutwa anasukuma zaidi ya lita 20 kwa siku. Ndoo nzima!

Anasimamishwa na vijiti vidogo vya chokaa au vya madini kama ya kioo, vinaitwa spikuli. Wengine wana nyuzi laini za protini ziitwazo sponjini, na hao ndio wanaofaa kuogea. Mwenye spikuli ukijisugulia utalia.

Kali kuliko zote: mwaka 1907 Mmarekani H.V. Wilson alimkamua sponji kupitia kitambaa cha hariri mpaka seli zikaachana. Zikatafutana, zikashikamana, zikaunda sponji upya.

Kipaji hicho cha kujijenga upya ndicho kinacholisha watu Jambiani, Unguja. Akina mama wa kule walizoea kulima mwani, lakini bahari ilivyozidi joto mwani ukawa unakufa, na bei nayo ilikuwa ya kukatisha tamaa. Shirika la marinecultures.org likaleta kilimo cha sponji. Unakata kipande, unakifunga kwenye kamba inayoelea, unakisafisha mara kwa mara, kinakua. Ukivuna, unaacha vipande vya mbegu. Baadhi ya akina mama wamejifunza kuogelea wakiwa watu wazima ili wafike shambani. Hiyo mi naivulia kofia kuliko yote niliyoandika hapa.

Na hospitalini yupo pia. Dawa ya saitarabini inayotibu saratani ya damu ilitokana na kemikali zilizogunduliwa kwenye sponji wa Karibiani miaka ya 1950. Kiumbe asiyeweza kukimbia adui hujilinda kwa sumu, na sumu hiyo mwanadamu anajifunza kuigeuza dawa.

Sisi wa kanda ya ziwa tusijione hatuhusiki. Wapo sponji wa maji baridi, na Ziwa Tanganyika lina aina zake. Wengi wa maji baridi hutengeneza vijidonge vigumu vinavyostahimili ukame, maji yakirudi wanaota tena. Ila tope ni adui yao mkubwa, maana linaziba vitundu na pampu inagoma. Mnaoujua mto wetu Mirongo mvua ikinyesha, na rangi ya maji unayoyapeleka ziwani, mmeshaelewa.

Wadau wa Kigoma mnaopiga mbizi, mwenye picha ya sponji kwenye mawe ya Tanganyika aitume tuiweke hapa.