Mali ya Ukoo na Adabu ya Kuiomba

Kutoa kuko kwa namna mbili. Kuna kutoa kwa mkono, shilingi ikaingia kiganjani mwa mhitaji na siku ile ile ikesha. Na kuna kutoa kwa msingi, shina likahifadhiwa na matunda yake yakaliwa mwaka hata mwaka. Hii ya pili ndiyo wakfu, sadaka yenye kuendelea hata baada ya mwenyewe kufariki.

Asili yake yajulikana. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipopata ardhi huko Khaybar, alikwenda kutaka shauri kwa Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza azuie asili na atoe mazao yake sadaka. Basi ardhi ile ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Mazao yakawa ya mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Na msimamizi akaruhusiwa kula kwa kadiri ya ada, pasipo kujilimbikizia.

Hapa kwetu koo nyingi za Waislamu zimeacha athari kama hizo. Tutazame ukoo wa Karimjee Jivanjee, Mabohora ambao wazee wao walitoka Kutch, Bara Hindi, wakafanya biashara Unguja tangu karne ya 19. Hospitali ya Mnazi Mmoja iliwahi kuitwa kwa jina lao, kwa ajili ya ukarimu wa Sir Tayabali Karimjee. Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, ulitolewa na ukoo huo, na humo Bunge lilikutana hata baada ya uhuru wa mwaka 1961. Leo ukoo una mfuko wake wa misaada, na elimu ndilo fungu lake kubwa: vijana washindi wa mashindano ya sayansi ya shule za Tanzania wamesomeshwa chuo kikuu kwa fedha zake.

Mfuko wa ukoo si lazima uwe wakfu kwa sharia, walakini mwendo wao wakaribiana. Wadhamini ni wachache, fungu la mwaka lina mpaka, na waombaji ni wengi. Kwa hiyo chama chenye kuomba hapana budi kijue adabu yake.

Kwanza, kijue mfuko wenyewe watoa kwa jambo gani na katika mji gani. Kuomba bati za msikiti kwa mfuko wa karo za shule ni kuwapotezea wakati watu wote wawili. Pili, kiwe kimeandikishwa, kina viongozi wanaojulikana, na akaunti ya benki iliyo kwa jina la chama, si la mwenyekiti. Tatu, barua yake iwe fupi na ya kweli. Anayeandika kuwa watoto wana shida hajasema neno. Lakini akieleza kuwa madrasa ina wanafunzi 60 na choo kimoja, kwamba wazazi wamekwisha chimba shimo, na kwamba yamebaki matofali, saruji na ujira wa fundi kwa bei hizi na hizi, huyo amewapa wadhamini kitu cha kupima.

Na ikiwa jibu ni hapana, ashukuru, aulize sababu kwa upole, wala asinune.

Kazi kubwa zaidi huja baada ya kupokea. Suratul Baqara yatuamrisha kuandika deni la muda na kulishuhudisha. Itakuwaje basi tuone haya kuandika amana ya mayatima? Stakabadhi zitunzwe, hesabu zikaguliwe, na taarifa ipelekwe kabla haijadaiwa. Fedha ya choo isinunue viti, ijapokuwa viti vyahitajiwa, mpaka mtoaji aridhie. Mweka hazina mmoja akifanya khiana, mlango haufungwi kwake peke yake. Hufungwa pia kwa yatima wa kijiji cha pili ambaye hakuiba kitu.

Nao watoaji wana wajibu wao. Qur'ani imekataza kuibatilisha sadaka kwa masimango na udhia. Mwombaji asizungushwe mwaka mzima, wala watoto wasipangwe mstari kwa ajili ya picha.

Mwisho twawaambia wenye nyumba: wakfu haukuwekewa matajiri peke yao. Minazi michache, chumba kimoja cha kupangisha, vyatosha kumsomesha mtoto mmoja. Kaeni na watoto wenu mshauriane, muandike mbele ya mashahidi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watoaji wasiosimanga na wapokeaji wasiokhini. Amin.