Prosesa Inapopunguziwa Mwendo

Aghalabu kompyuta inayokwenda polepole huhukumiwa kuwa imezeeka, ikawekwa kando kungojea mnunuzi wa vyuma chakavu. Huenda hukumu hiyo ikawa ya haraka mno. Prosesa, yaani sehemu ya mtambo ifanyayo hesabu, haiendi kwa mwendo mmoja. Hupunguziwa mwendo kwa makusudi ili kuokoa umeme, na yawezekana amri hiyo ikabaki pale pale hata kazi inapoongezeka.

Faida ya kupunguza yatokana na fizikia. Nguvu inayotumika saketi zinapofanya kazi hulingana na idadi ya mapigo kwa sekunde, ikizidishwa kwa mraba wa volteji. Tuseme mapigo yameshushwa kutoka gigahezi 3 hadi 1.5, na volteji kutoka 1.2 hadi 0.9. Uwiano wa volteji ni 0.75, na mraba wake ni 0.56, nusu yake ni 0.28. Kazi itachukua muda maradufu, lakini nishati ya kuimaliza itakuwa kama asilimia 56 ya ile ya awali. Kushusha mapigo peke yake kungeichelewesha kazi bila kuokoa nishati hiyo.

Mwaka 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za ACPI, zilizoweka usimamizi wa umeme mikononi mwa mfumo endeshi. Katika Linux, msimamizi wa mwendo hutajwa katika faili iitwayo scaling_governor, ndani ya folda /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq. Mwanafunzi akikuta humo neno powersave, asidhani amekwisha kumkamata mwizi. Chini ya programu ya acpi-cpufreq, neno hilo huifunga prosesa kwenye mwendo wake wa chini kabisa. Chini ya intel_pstate, kwa kawaida neno lilo hilo huuacha mwendo upande kadiri ya kazi. Ndiyo maana hapana budi kusoma kwanza faili ya scaling_driver, ambayo hutaja programu inayotumika.

Kipimo nacho kifanyike prosesa ikiwa kazini, kwa kuwa mtambo uliotulia huonyesha mwendo mdogo, na hiyo ni hali njema. Ipewe kazi nzito, mathalani kubana faili kubwa, kisha isomwe scaling_cur_freq ya kila kiini. Kazi yaweza kuwa katika kiini cha tatu hali mpimaji anatazama cha kwanza. Tarakimu ni za kilohezi: 800000 ni megahezi 800.

Mwendo ukiwa chini tangu sekunde ya kwanza, yafaa kushuku kikomo kilichowekwa katika scaling_max_freq. Katika Windows kikomo cha namna hiyo huwekwa kwa asilimia katika mipangilio ya umeme. Baadhi ya kompyuta za mkononi pia huibana prosesa zisipoitambua chaja. Hapo ijaribiwe chaja yake ya asili.

Lakini mwendo ukianza juu, kisha ukaporomoka baada ya dakika chache, mshukiwa ni joto. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia mwendo zinapokaribia nyuzi 100 za Sentigredi. Hapo hakuna amri ya kubadili: mtambo uzimwe, uchomolewe kwenye umeme, ufunguliwe, na vumbi lililoziba feni liondolewe kwa brashi laini.