Fundi, Usiikate Chesi

Mbelgiji Fabien Pinckaers alianza kuunda programu ya kuendeshea biashara mwaka 2005, akaiita TinyERP. Baadaye ikawa OpenERP, na tangu 2014 tunaijua kwa jina la Odoo. Makao yake makuu yako Grand-Rosière, kijiji cha Ubelgiji, katika majengo yaliyokuwa ya shamba. Majina yamebadilika, umbile limebaki lile lile: kiini kimoja, na juu yake moduli. Mauzo ni moduli, stoo ni moduli, manunuzi na likizo za wafanyakazi vilevile. Mwenye duka anasakinisha anazozihitaji, nyingine anaziacha.

Moduli yenyewe ni folda tu. Ndani yake kuna faili la utambulisho linalotaja jina, toleo, leseni na moduli nyingine inazozitegemea. Kuna msimbo wa Python, kuna faili za XML zinazopanga yanayoonekana kwenye skrini, na kuna orodha ya ruhusa za nani aone nini na nani abadilishe nini. Orodha hiyo ndiyo ya kuangaliwa kwa makini kuliko yote, kwa sababu humo ndimo karani wa stoo anapozuiwa kufuta ankara.

Nguvu ya mpango huu iko kwenye kurithi. Tuseme muuza saruji wa Mwanza anataka kila fomu ya mauzo ionyeshe namba ya lori lililobeba mzigo. Fundi anayeijua kazi yake haigusi fomu ya asili. Anaandika moduli ndogo inayoirithi na kuiongezea nafasi moja, basi. Siku muuzaji akiondoa moduli hiyo, fomu inarudi ilivyokuwa.

Ila mteja akiwa na haraka, ni rahisi kuingia kwenye kiini na kubadilisha mistari mitatu humo humo. Kazi inakwisha jioni hiyo, mteja anafurahi, na madhara yanamsubiri. Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka, na kampuni huyahudumia matoleo matatu ya karibuni tu. Kiini kilichochokonolewa hakihami salama: toleo jipya likiingia, ile mistari inafutika, au mfumo unagoma. Wajenzi wa bodi za malori wanalijua hili. Chesi inakuja kutoka kiwandani, wao wanajenga bodi ya mbao au ya chuma kadiri ya mzigo, lakini chesi hawaikati.

Kodi ndiyo inayodhihirisha haja ya moduli za kwetu. Kiwango cha kawaida cha VAT nchini Kenya ni asilimia 16, cha Tanzania Bara ni 18. Tangu Januari 1, 2024, mfanyabiashara wa Kenya asiye na ankara ya kielektroniki ya kodi kwa matumizi yake, nje ya misamaha michache, hawezi kuyakata anapokokotoa kodi ya mapato. Ankara hizo hupitia eTIMS ya mamlaka ya mapato, KRA. Kanuni kama hizi hubadilika bajeti hadi bajeti, na mahali pake si kwenye kiini kinachotumiwa pia na kiwanda cha Ubelgiji.

Kuhusu neno "bure", wateja waambiwe ukweli wote. Toleo la 9, mwaka 2015, liliigawa Odoo pande mbili: ya jumuiya, iliyo huria chini ya leseni ya LGPL, na ya kulipia. Uhasibu kamili ukaenda upande wa kulipia. Sina ugomvi na kampuni kulipwa. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayelificha hilo mpaka mhasibu atafute mizania aikose. Kwa bahati njema kuna OCA, jumuiya isiyo ya faida, ambayo wanachama wake wameandika moduli huria za ripoti za fedha, na mradi wao wa OpenUpgrade husaidia kuhamisha data kutoka toleo hadi toleo.

Mafundi wetu waichukue njia hiyo ya OCA. Leo moduli za kodi na za malipo ya simu zinaandikwa upya ofisi kwa ofisi, kila mmoja akificha yake, na makosa yale yale yanarudiwa. Zitoeni nje zikaguliwe na wenzenu. Nawe mwenye biashara, kabla hujatia saini, hakikisha mkataba unasema kiini hakitaguswa na msimbo wa kila moduli utakabidhiwa kwako.