Nunua pambo, uliza na jina la fundi

UKISHUKA matatu katika kituo cha Olympic mtaani Kibera, kisha uteremke kwa miguu kuelekea Soweto West, utakaribishwa na moshi wa makaa, harufu ya samaki wa kukaanga na redio zinazoshindana kwa sauti. Ukizunguka vijiji vya mtaa huo bila haraka, huenda pia ukasikia msumeno ukikata kitu kigumu kuliko mbao. Ni mfupa wa ng'ombe. Baada ya siku chache, mfupa huo utakuwa vipuli, bangili, kijiko cha saladi au vifungo vya koti la bibi harusi.

Wengi wetu tunaoishi jijini, tunapotafuta zawadi ya harusi, pambo la sebuleni au kitu cha kumtumia ndugu aliye ng'ambo, hukimbilia maduka makubwa yenye taa na viyoyozi. Kibera na Kawangware tunaziona kupitia dirisha la matatu tu. Kumbe sehemu ya bidhaa tunazozistaajabia nyuma ya vioo vya maduka hayo zimetoka katika vibanda hivyo hivyo tulivyovipita asubuhi!

Hata hivyo, makala haya hayakusudii tu kukuelekeza kwenye bei nafuu. Kuna jambo ambalo mnunuzi, awe wa kibandani au wa dukani, mara nyingi huondoka bila kulipata. Jambo hilo ni jina la fundi. Na kwa mtu anayependa kukusanya na kuhifadhi vitu vya sanaa, jina ni nusu ya mali.

Kutoka buchani hadi sikioni

Kazi ya mfupa huanzia mahali ambapo wengine wamemaliza. Mifupa hutoka kwenye bucha na vichinjio, kama vile vya Dagoretti, mbele ya Kawangware. Fundi huichemsha hadi nyama na mafuta yatoke, huikata vipande kwa msumeno, kisha huipa umbo kwenye jiwe la kunolea linalozungushwa na mota. Baadaye hutiwa katika dawa ya kung'arisha ili iwe nyeupe, halafu husuguliwa kwa msasa na kupigwa rangi. Yale maua na mistari ya kahawia unayoyaona huchorwa kwa nta, kama wafanyavyo watengenezaji wa vitambaa vya batiki: penye nta rangi haipenyi.

Kazi hii ina gharama ambayo haiandikwi kwenye kibandiko cha bei. Vumbi la mfupa ni jembamba mno na huingia mapafuni. Fundi asiye na barakoa nzuri hulipia vipuli hivyo kwa pumzi yake. Basi, unaponuna kwa sababu umeambiwa shilingi hamsini zaidi, kumbuka pia hilo.

Mnunuzi ajihadhari na vitu viwili. Kwanza, plastiki. Mfupa halisi huwa mzito kidogo na baridi mkononi, na ukiutazama kwa makini utaona vitone au mistari midogo ya vinyweleo. Plastiki ni nyepesi, na mara nyingi huwa na alama ya mshono wa kalibu pembeni. Pili, pembe za ndovu. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, mwaka ule ule Rais Daniel arap Moi alipowasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, si mbali na Kibera. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliteketeza nyingine tani 105 papo hapo. Mfupa wa ng'ombe hukupa weupe ule ule bila damu ya ndovu na bila kesi mahakamani.

Kufuli lililogeuka bangili

Ndugu wa karibu wa kazi ya mfupa ni kazi ya shaba. Makufuli yaliyovunjika, mifereji ya maji iliyochakaa na vyuma vya zamani vya mabomba hununuliwa kwa kilo kutoka kwa waokota vyuma. Fundi huviyeyusha kwenye chungu juu ya makaa yanayovuviwa upepo, humimina uji huo katika kalibu ya mchanga, kisha hukaa na tupa na msasa kwa saa nyingi.

Shaba iliyosuguliwa vizuri haina kingo kali. Pitisha kidole ndani ya bangili, mahali ambapo mteja hatazami. Huko ndiko fundi mwaminifu hutambulikana. Ikianza kupoteza mng'aro nyumbani, isugue kwa ndimu na chumvi, uisuuze na kuikausha. Usiitupe ukidhani imeharibika.

Waliokumbuka kutia sahihi

Sasa tuwatazame jirani zao waliochukua njia tofauti. Mwaka 2001, waandishi wawili wa vibao vya maduka, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha huko Kibera kikundi cha sanaa kiitwacho Maasai Mbili. Jina hilo lilitokana na tabia yao ya kujivika kama Wamaasai walipokuwa wakizunguka kutafuta kazi za kuandika vibao. Walitumia yale waliyoyajua, yaani rangi ya mafuta, ubao na maneno ya mtaani, na picha zao zikafika kwenye maonyesho ya ng'ambo.

Mwenzao wa Kibera, Solomon Muyundo, alijulikana kwa jina la Solo 7 wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mitaa ilipokuwa ikiungua, yeye alibeba kopo la rangi na kuandika kutani na kwenye mabati maneno ya kuomba amani. Aliweka na jina lake. Leo anayesimulia habari za siku hizo anaweza kusema ni nani aliyeandika.

Hali kadhalika, wapenzi wa matatu wanamfahamu Dennis Muraguri, msanii wa Nairobi anayechonga matatu kwenye mbao na kuzichapa juu ya karatasi. Matatu hizi zina historia ya kupanda na kushuka. Kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 zilifuta michoro na kuleta mstari wa manjano, na wachoraji wengi wakapoteza riziki. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea vijana hao, na michoro ikarejea kwa kishindo. Leo mkazi wa Kawangware anayesubiri 46 anaweza kutazama sanaa ya kutembea bila kulipa kiingilio.

Ukinunua picha ya kuchapwa, tafuta chini yake namba iliyoandikwa kwa penseli, kwa mfano 5/20. Maana yake ni kwamba hii ni nakala ya tano kati ya ishirini. Karibu na namba hiyo kuwe na sahihi. Bila mambo hayo mawili, unachonunua ni karatasi nzuri tu.

Majina yanayosafiri na yanayobaki

Tofauti iko wapi kati ya mchoraji na mchonga mfupa? Si ustadi. Wote wawili wana mkono na jicho. Tofauti ni kwamba kazi ya mmoja huondoka na jina, na ya mwingine huondoka uchi.

Chukua mfano wa mwanamitindo wa Uingereza, Vivienne Westwood. Kuanzia mwaka 2010, kwa ushirikiano na mpango wa mitindo wa Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva, mikoba iliyobeba jina lake ilitengenezwa Nairobi kwa turubai kuukuu na vipande vya shaba. Mpango huo ulileta ajira, na lebo zilitaja Nairobi. Lakini jina lililoiuza mikoba hiyo London lilikuwa moja, nalo halikuwa la fundi.

Mwaka 2009, mpiga picha Mfaransa anayejiita JR alifunika takriban mita 2,000 za mraba za mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa mtaa huo. Picha zilichapwa kwenye vifaa visivyopenya maji, hivi kwamba zilikinga nyumba dhidi ya mvua. Ilikuwa kazi njema na yenye manufaa. Hata hivyo, jina lililozunguka dunia ni la JR. Wenye macho yale tunawajua kwa macho tu.

Hazina katika gazeti la jana

Kwa mwanafunzi asiye na fedha za picha wala shaba, kuna hazina ya karatasi. Jarida la vichekesho la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na Terry Hirst pamoja na Hilary Ng'weno, sasa ni adimu. Wengi walilisoma, wakacheka, wakafungia nyama. Shujaaz, katuni ya Sheng iliyoanza 2010 na kutolewa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Ni wangapi waliohifadhi toleo la kwanza? Pekua masanduku ya wauza vitabu vya mitumba. Ukipata nakala nzima, iweke ndani ya bahasha kavu mbali na jua, na uandike tarehe uliyoipata.

Rangi za mtoto

Wazazi wenye watoto shuleni wanajua kwamba sanaa imerudi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa na somo la Sanaa na Kazi za Mikono, lakini lilipotolewa katika mtihani wa KCPE shule nyingi zililisahau. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini kuanzia 2019, umelirejesha, na pamoja nalo orodha za vifaa zinazowaumiza wazazi vichwa.

Si lazima kila kitu kinunuliwe. Nunua penseli nzuri, brashi mbili, moja nyembamba na moja pana, na rangi za maji za nyekundu, manjano, buluu, nyeusi na nyeupe. Nyingine mtoto atajichanganyia. Kitambaa cha marekani kikipigwa rangi nyeupe ya maji ya ukutani na kukauka huwa turubai ya kuchorea. Makaa, udongo mwekundu, makatoni na magome ya migomba havina bei. Lakini usimpe mtoto mabaki ya rangi ya mafuta ya mlangoni. Mvuke wake ni mkali, na rangi za zamani huenda zina risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo unaokua.

Kisha mfundishe jambo moja ambalo halimo katika orodha ya shule: kila akimaliza kazi, aandike jina lake na tarehe nyuma yake.

Nasi watu wazima tuanze vivyo hivyo. Utakapokwenda Kibera, Kawangware au soko lolote la mapambo, beba daftari dogo. Unapolipa, muulize fundi anaitwa nani, anafanyia kazi wapi, na kitu hicho ni cha mwaka gani. Akikubali, mpe kalamu aandike mwenyewe. Umenunua dukani? Muulize mwenye duka, na akishindwa kujibu, mwambie utarudi akishajua. Wateja wakiuliza swali hilo mara nyingi, muuzaji atalazimika kulitafutia jibu, na fundi anayejulikana kwa jina huwa na nguvu zaidi siku ya kujadili bei.

Miaka ishirini ijayo, binti yako atafungua sanduku na kukuta bangili ya shaba. Ni heri akute na kijikaratasi kinachomwambia ni mkono wa nani ulioigeuza kufuli kuwa pambo.